Motoka ya okazyo: tusinunue rangi, tununue siku za kazi



Najua kuna wenye watauliza: ukurasa huu ni wa kusemea mambo ya nchi, sasa motoka za okazyo zinaingia hapa namna gani? Ninajibu mbele ya kuulizwa. Mu Lubumbashi yetu hii, kijana anamaliza masomo, anatembeza diplome miaka mbili, miaka tatu, kisha siku moja jamaa inakaa na kusema: tuchange makuta, tununue motoka, ifanye taxi, tukule. Siku ile makuta yote ya nyumba yanatoka mara moja. Tukikosea, nyumba nzima inarudi nyuma. Kama hiyo si mambo ya nchi, basi sijue mambo ya nchi ni gani.

Mimi nilimaliza lisanse ya ekonomi ku UNILU, sasa ni miaka tatu. Kazi hakuna. Nafundisha watoto wa wengine matematike mangaribi, basi. Mu mwezi wa pili wa mwaka huu, Mama alipata zamu yake ya likelemba: dola 2 200. Yaya yangu mwenye kutumika na kampuni ndogo kule Kolwezi alitoa 1 800. Mimi niliongeza 1 000, ile nilikusanya franga kwa franga miaka mbili. Jumla dola 5 000. Mama aliniangalia, akasema: "Weye ndiye ulisoma. Utachagua."

Kusema kweli, usiku ule sikulala muzuri. Ekonomi walitufundisha, lakini hakuna mwalimu hata mmoja mwenye alitufundisha kufungua kapo ya motoka.

Wazee wetu walishapita hapa

Kati ya 2003 na 2004, Gécamines iliachisha wafanyakazi zaidi ya 10 000 mu ile programu ya kuondoka kwa mapenzi, yenye Benki ya Dunia ilisaidia kulipa. Watu walipewa makuta ya mwisho mara moja, mu mkono. Nilikuwa mtoto mdogo sana, lakini hadithi hizo zinajulikana mu nyumba nyingi za Katuba na Kenya. Mu barabara yetu peke yake, babaa wawili walinunua motoka ya kufanyisha taxi. Ya kwanza ilitembea miezi saba. Ya pili haikumaliza msimu wa mvua. Ilikaa mu lupango mpaka nilipoanza sekondari, kuku zilikuwa zinataga ndani yake.

Babaa wale hawakuwa wajinga. Walijua kazi ya shaba kuliko sisi tunavyojua chochote. Walikosa tu mtu wa kuwaambia mambo machache mbele ya kulipa. Na sisi, miaka zaidi ya 20 kisha, tungali tunanunua vilevile: tunaangalia rangi, tunasikiliza redio, tunafungua klima, tunalipa. Mwaka uliopita mutoto wa baba mudogo alilipa dola 5 800 kwa motoka moja kubwa nyeusi, viti vya ngozi. Mwezi wa tano, bwate ya viteze ikakufa. Piese haikupatikana hapa. Kuagiza inje ilikuwa karibu nusu ya bei ya motoka yenyewe. Mwisho aliiuza 900 kwa watu wenye kukata piese. Siku hizi tukipita karibu na motoka nyeusi, yeye anaangalia ngambo ingine.

Maoni yangu ni haya: kijana mwenye makuta kidogo anunue siku za kazi. Motoka ni chombo tu cha kuzileta. Ile yenye inalala kidogo mu garaji ndiyo ya bei ya chini, hata kama siku ya kununua iliomba zaidi.

Hesabu kwanza

Chukua karatasi. Tuseme shofere anapeleka nyumbani dola 20 kwa siku, siku 6 mu juma. Ni 120. Motoka ya 4 000 ikitembea majuma 4 kila mwezi, inaleta 480, na mu miezi 9 hivi imerudisha bei yake. Ikilala mu garaji juma moja kila mwezi, inaleta 360: ni miezi zaidi ya 11. Ikilala majuma mawili, inaleta 240: unaenda ku miezi 17, na hapo hatujatoa hata franga moja ya piese. Bei ya kununua ni ile ile. Tofauti yote iko mu siku za kulala.

Jambo la pili: usimalize makuta yote ku motoka. Sisi tuligawanya 5 000 mu mifuko mitatu: 4 000 ya motoka, 500 ya karatasi, 500 ya mwezi wa kwanza. Mfuko huu wa tatu watu wengi wanausahau. Motoka yoyote ya okazyo, hata ile wanaapia kwa jina la Mungu kwamba haina shida, itaomba mafuta ya motere, filtre, freni, labda batri, labda pine mbili. Kama hauna kitu siku hiyo, utaitembeza na freni mbovu juu unatafuta makuta ya freni. Hapo tunaanza kuua watu.

Na komisionere? Mwelewane bei yake mbele, na mbele ya watu. Kuna wenye wanakula kwako, wanakula tena kwa muuzaji, na wewe unaona ni rafiki.

Chagua piese mbele ya kuchagua motoka

Mimi nilianza vibaya. Nilikuwa naangalia picha ku telefone usiku mzima. Mwenye alinisimamisha ni Papa mmoja wa kartier yetu, shofere wa taxi tangu zamani. Aliniuliza: "Mwanangu, weye unataka motoka ya kuonyesha bantu, ao ya kutafuta nayo makuta?" Nikasema ya makuta. Akasema: "Basi acha telefone. Kesho enda kwa wenye kuuzisha piese, uulize bei."

Nilienda. Fanyeni hivyo. Ulizeni bei ya vitu vitano: amortisere za mbele, rotule, plaketi za freni, radiatere, alternatere. Ulizeni: iko hapa leo? Mpya bei gani, ya kutoka ku motoka ingine bei gani? Kama muuzaji anajibu "tutaagiza Dubai, ngojea majuma matatu", hiyo motoka si ya mtu mwenye dola 5 000, hata kama inauzwa 3 000.

Ndio sababu muji yetu imejaa Toyota ndogo. Watu wanacheka kwamba hatuna mapenzi ya vitu vizuri, lakini kuna akili ndani yake. Motere moja, yenye wanaita 1NZ-FE, ya litre 1,5, iko mu Probox, mu IST, mu Ractis, na mu Corolla nyingi za miaka ya 2000. Inatumia sheni mu nafasi ya mukaba wa kawuchu, kwa hiyo haiombi kubadilishiwa mukaba kila kilometa 100 000 kama motere nyingi za zamani. Mafuta yake ya motere ni karibu litre 4 tu. Mekanisie wa kona yoyote alishaifungua. Ikikufa alternatere Likasi siku ya Mungu, kuna mutu mwenye iko nayo nyumbani.

Lakini hata mu hizo Toyota, angalieni vitu viwili. Cha kwanza, bwate ya viteze. Probox za mbele ya 2014 ziko na bwate ya manuele ao otomatike ya kawaida. Ractis nyingi za 1,5 ziko na ile ya CVT, yenye kutumia mukaba wa chuma ndani na mafuta yake ya pekee. CVT si mbaya, lakini mutu akiimwangia mafuta ya bwate ya kawaida, anaiua polepole, na hautajua ni nani alifanya hivyo mbele yako. Cha pili, ukiona ku motere wameandika D-4, ujue motere hiyo inatupa esanse ndani moja kwa moja na nguvu nyingi. Inaomba esanse safi. Esanse yetu ya mu bidon munaijua.

Probox, nakubali, haitabeba bibi-arusi. Ilitoka 2002 ikiwa motoka ya kubebesha mizigo ya makampuni kule Japani, na kiti cha nyuma wateja wanakilalamikia. Lakini ile kiti ngumu ndiyo inapunguza bei.

Jambo la volani ya kuume. Hizi motoka zinatoka Japani, zinapita Dar es Salaam na Zambia, zinaingia Kasumbalesa. Inchi hizo zote zinatembea kushoto, sisi tunatembea kuume. Mara kadhaa serikali yetu ilitangaza kukataza volani ya kuume, na bado zinaingia. Mu muji, mutu anazoea. Ku barabara ya Likasi na Kolwezi ni mambo mengine: uko nyuma ya lori la shaba, volani iko upande wa majani, haioni kitu mbele mpaka umetoa motoka nzima mu njia. Taa zake pia zilitengenezwa kumulika upande wa kushoto, ni kusema mu macho ya mwenye anakuja. Na minibisi za Japani ziko na mlango upande wa kushoto, mteja anashukia katikati ya barabara. Kama kazi yako itakuwa ku njia ndefu, tafuta volani ya kushoto hata kama ni ya zamani kidogo, ao badilisha kazi. Taa, mekanisie muzuri anaweza kubadilisha. Macho ya shofere hapana.

Enda asubuhi, na mekanisie wako

Wako, si wa muuzaji. Mulipe siku yake hata kama munarudi bila motoka. Na muuzaji asiwashe motere mbele mufike: weka mkono ku motere. Ikiwa na moto, sema asante, rudi kesho. Motere baridi ndiyo inasema ukweli, zaidi mu mwezi wa sita na wa saba wakati baridi ya huku inauma.

Vitu vya kuangalia, hata kama haukusoma mekanike:

Fungua kifuniko cha radiatere motere ikiwa baridi, kamwe ikiwa na moto. Mayi yakiwa na povu ya mafuta, ondoka. Fungua na kifuniko cha mafuta ya motere: povu nzito ya rangi ya maziwa ndani yake ni alama mbaya vilevile.

Washa, angalia moshi. Wa bluu, inakula mafuta ya motere. Mweupe wenye hauishi hata motere ikipata moto, labda inakula mayi. Mweusi, inakula esanse yako.

Geuza ufunguo bila kuwasha. Taa ya motere na ya erbagi zinapaswa kuonekana ku tablo, kisha zizimike wakati motere imewaka. Taa yenye haionekani hata kidogo, kuna mutu aliitoa juu ya kuficha ugonjwa.

Usiamini kontere. Kilometa zinarudishwa kwa dakika chache. Angalia pedale za freni, volani, kiti cha shofere. Kontere ya kilometa 70 000 na pedale yenye imekwisha kawuchu haviendi pamoja. Vuta mukaba wa kiti mpaka mwisho: ukikuta alama za matope, motoka hiyo ilioga mu mafuriko. Mara nyingi ku mukaba huo kuna kitambaa kidogo chenye mwaka, kinaweza kukuambia umri wa kweli.

Pine: ubavuni kuna namba nne. 2319 ni kusema juma la 23 la 2019. Pine ya zamani inaweza kungaa na bado ipasuke.

Kisha itembezeni kilometa kumi, ku lami na ku udongo. Acha volani kidogo ku barabara sawa uone inaenda wapi. Zima redio. Muuzaji mwenye anaongeza sauti ya redio wakati munapita ku mashimo, ameshakujibu.

Karatasi ni nusu ya motoka

Hapa ndipo sisi wenye kusema juu ya haki tunapaswa kujiangalia. Kuna motoka zinauzwa dola 800 chini ya zingine, na wanakunongoneza: "duane haikuisha, lakini utapanga". Rafiki yangu mmoja aliniambia: "Weye na mambo yako ya haki, utabaki kwa miguu. Batu bote banapanga." Namuelewa. Kulipa kila kitu vizuri mu inchi hii inachosha, tena wakati mwingine mwenye kulipa vizuri ndiye anasumbuliwa zaidi. Lakini chukua tena karatasi ya hesabu. Motoka yenye kukosa karatasi moja, polisi wa barabarani atakujua sura ndani ya juma moja. Kama unaacha franga 5 000 kila siku ya kazi, siku 26, ni franga 130 000 kwa mwezi. Ile 800 yenye uliokoa, unailipa polepole kwa watu wenye hawatakupa karatasi kamwe, na siku yoyote wanaweza kubeba motoka yenyewe. Na hatuwezi kupiga kelele juu ya rushwa mchana, kisha mangaribi tununue motoka ya rushwa.

Basi: namba ya shasi yenye kuchongwa ku chuma ifanane na ya ku karatasi zote, herufi kwa herufi. Omba kuona karatasi ya Japani ya kutoa motoka inje, iko na mwezi na mwaka wa kuandikishwa mara ya kwanza. Karte roze iko na jina la nani? Kama mwenye kuuza si mwenye jina, mwenye jina aje, ao uende kwake. Andikeni mapatano ya kuuzisha na mashahidi, kila mutu na kopi ya kadi yake. Na badilisha jina mara moja. "Tutabadilisha kisha" ni neno lenye limefikisha watu wengi mbele ya tribinali na motoka ya marehemu.

Na wakubwa wetu?

Kijana anaweza kuwa na akili yote hii na bado apoteze. Kwa hiyo tunaomba vitu vitatu, na si vikubwa. Kwanza, ku Kasumbalesa na ku muji, kila ofisi yenye kupokea makuta ya motoka ibandike ku ukuta bei zake zote, kwa Kiswahili, na malipo yapite ku benki. Pili, kontrole tekniki iwe ya kufungua kapo kweli. Leo mutu anaweza kurudi na karatasi, motoka yake haikutoka mu lupango. Tatu, barabara za Katuba, za Kampemba, za Ruashi. Amortisere na rotule zetu zinakufia mu mashimo, na kila mwaka tunalipa vinyete. Kodi ya barabara ionekane ku barabara.

Tunavyoendelea sisi

Tuliangalia motoka sita, siku za posho sita. Tulikataa tano. Mama alianza kusema kwamba mwana wake anaogopa motoka kama nyoka. Ya sita ilikuwa Probox nyeupe, imekwaruzwa mlango wa nyuma, haina hata redio. Tulilipa 3 850. Papa shofere ndiye anaitembeza, mimi niko na daftari: kila franga ya kuingia, kila franga ya kutoka.

Leo ni juma la 14. Ilisimama siku tano: mbili freni, mbili rotule, moja juu ya karatasi yenye ilikuwa sawa lakini polisi mmoja aliisoma polepole sana. Haijarudisha bei yake. Mama angali anatoa dola 200 kila mwezi mu likelemba, mpaka wenzake wote wapate zamu zao. Motoka ikisimama mwezi mmoja, sijue tutatoa wapi. Kwa hiyo kila siku ya posho yeye anaenda mwenyewe kuangalia kilometa, anaziandika mu kitabu chake cha nyimbo, kisha anauliza: "Mafuta ya motere mulibadilisha?"

Mimi ningali natafuta kazi. Lakini kama kuna kijana hapa Lubumbashi mwenye jamaa yake inachanga makuta juma hili, aniandikie. Daftari yangu iko wazi, na asubuhi zangu, kwa bahati mbaya, ziko wazi pia. Tutaenda pamoja kuangalia, hata mara sita.